Wazee wa Shinyanga na Kazi ya Kukumbuka

Penye wazee haliharibiki neno, lakini Shinyanga liliharibika wazee wakiwapo. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwatoa watu wafyeke mapori ili kumtokomeza mbung'o. Mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikaendeleza ufyekaji huo, na miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikazihamisha kaya nyingi mbali na ardhi ziliyokuwa zikiitunza. Kufikia miaka ya 1980, kuanzia Ibadakuli hadi vijiji vya Kishapu, watu walishaanza kuogopa jangwa. Kwa hiyo methali ile ina sharti: haitoshi wazee wawepo, sharti waulizwe. Uzee hupata maana pale kumbukumbu ya mzee inapopewa kazi, na historia ya misitu ya Shinyanga ni ushahidi wa kutosha.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, nguvu nyingi ziliwekwa kwenye vitalu na miche. Baadaye wataalamu waligeukia jambo ambalo wazee wa Kisukuma walilijua tangu utotoni: ngitili. Mvua zikianza, eneo la malisho hufungwa, mifugo isikanyage. Kiangazi kikikolea, mnamo Julai au Agosti, hufunguliwa kipande kwa kipande, ndama na ng'ombe wa kulimia wakitangulizwa. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa huchipua vyenyewe, na anayevunja mwiko hutozwa faini na wenzake. Maarifa hayo hayakuwamo kwenye makabrasha ya ofisi. Yalikuwa vichwani mwa watu. Ngitili za takriban hekta 600 mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Upande wa pili wa ushahidi unaumiza. Kuni zilipoadimika, akina mama walipikia samadi kavu na mabua ya pamba, na moshi wa miaka mingi ukawafanya wawe na macho mekundu. Macho hayo yakawa hati ya mashtaka: vikongwe waliitwa wachawi na wengi wakauawa kwa mapanga. Ardhi iliyopoteza miti yake ilikuwa ikiwapoteza na bibi zake.

Wapo watakaosema mzee anahitaji pensheni na matibabu, si kazi nyingine. Ni kweli anavihitaji, na Zanzibar ilionyesha njia mwaka 2016 ilipoanza kumlipa pensheni kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi. Ila fedha humlisha mzee bila kumrudishia nafasi yake katika jamii. Wengine watasema vijana wako machimboni Kahama na Geita, kwa hiyo habari za malisho haziwahusu. Lakini maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hushikiliwa na matimba, na matimba ni miti. Dhahabu ikiisha, kijana atarudi kwenye ardhi ileile. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumbukumbu ina wenyewe: sauti zilizosikika zaidi ni za wanaume wenye mifugo, na mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Hilo nalikubali. Dawa yake ni kupanua orodha ya wanaoulizwa, wakiwamo wajane na wasio na ng'ombe, kwa sababu aliyetafuta kuni miaka hamsini anaijua miti kuliko aliyechunga tu. Na mvua zikibadilika, anayekumbuka ukame uliopita ana pazuri zaidi pa kuanzia kuliko asiyekumbuka chochote.

Kwa hiyo serikali za vijiji ziwape wazee, wanawake kwa wanaume, viti vya kudumu katika kamati za mazingira, na ziwalipe posho kama zinavyowalipa wataalamu. Kazi yao imeshajaribiwa Shinyanga, na matokeo yake yanapimika kwa hekta.