Ua wa Minyaa

Katika wilaya ya Chemba, iliyotengwa na Kondoa mwaka 2012, mtu apandaye bustani hana budi kufikiri habari ya ua. Mbuzi hawajui mpaka wa mtu, nao huweza kuumaliza mchicha wote kwa asubuhi moja. Basi watu wengi hukata matawi ya miiba wakaizungushia bustani. Kazi hiyo huisha upesi, lakini mchwa huyala matawi, ua ukaanguka, na mwaka wa pili mwenyewe hurudi porini na shoka lake. Hivyo miti hupungua, udongo hubaki wazi, na mvua kubwa huuchukua. Hasara ya namna hiyo si ndogo. Kwa ajili ya mmomonyoko wa udongo, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu za Kondoa zilizokuwa zimeharibika sana.

Wako watamanio ua wa mitarakwa, miti ya kijani kibichi iotayo katika milima ya Usambara. Lakini mtarakwa ni mti wa milimani, nao hupenda baridi. Chemba ina jua kali, na miezi mingi hupita bila mvua. Mti uifaao nchi hii ni mnyaa. Majani yake ni madogo sana, tena huanguka mapema. Vijiti vyake vya kijani ndivyo vifanyavyo kazi ya majani. Kwa sababu hiyo maji yake hayapotei upesi, na mbuzi hawaupendi.

Kuupanda si kazi ngumu. Mtu hukata vipande virefu kama mkono, akaviweka kivulini siku kadhaa mpaka utomvu ukauke, kisha huvipanda karibu karibu mvua zianzapo. Asimwagilie maji mengi, maana vitaoza. Vikisha kushika, hukata ncha zake ili matawi yachipuke chini na kuziba nafasi. Ua usiopunguzwa hurefuka kuwa miti, na chini yake mbuzi hupata njia.

Lakini mnyaa una hatari yake. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali, hata mtu aweza kukosa kuona siku kadhaa. Kwa hiyo mkataji husimama upande utokako upepo, wala hajipangusi uso mpaka amenawa kwa sabuni. Watoto wasiruhusiwe kuchezea vijiti vyake. Utomvu ukimwingia mtu, na aoshwe jicho mara moja kwa maji mengi safi, kisha apelekwe hospitali.

Ua wa minyaa hautoshi kuzuia mbuzi katika mwaka wa kwanza, hutaka uvumilivu. Lakini ukisha kukua, mwenyewe huulinda kwa kisu tu, na miti ya porini huachwa isimame mahali pake.