Inua Zulia Kabla ya Bei



Gari langu la zamani ni la turubai. Mvua za Songea hupenya kwenye mishono. Zulia hukauka juu, chini maji yanabaki na bati linaliwa na kutu. Sasa naliuza, ada za watoto zinanisubiri. Nimeshauriwa nitandike zulia jipya tu.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu watu waione, akakemea udanganyifu.

Basi mteja akija, nitamwinulia zulia kabla hatujataja bei. Nawe unayeuza, fanya hivyo. Bei itashuka, baraka itabaki.

Allah atujaalie ukweli. Amin.