Kinyozi Hajinyoi

Habari ile niliiandika kwa dakika ishirini, nimekaa kwenye benchi la mgahawa karibu na stendi ya Bariadi, chai inapoa. Mkulima mmoja wa pamba huko Itilima alikuwa amejaribu kujiua, majirani wakamuwahi. Nilikuwa na kila kitu: jina lake, umri, kijiji, kauli ya mwenyekiti wa kitongoji, mpaka njia aliyotumia. Nikaweka na ile sentensi yetu tuliyoizoea, "kwa kile kinachodaiwa kuwa ni ugumu wa maisha baada ya kuelemewa na madeni." Nikatuma. Jioni ikasomwa redioni. Mhariri akanitumia dole gumba.

Sikuifikiria tena mpaka Oktoba, nilipotafuta mtu wa kuhojiana naye kwa ajili ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambayo ni tarehe 10 ya mwezi huo. Nikaelekezwa kwa dada mmoja katika hospitali moja ya mkoa wetu wa Simiyu. Wagonjwa humwita Madam, kama mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Madam ana shahada ya saikolojia, lakini barua yake ya ajira inamtaja kama afisa ustawi wa jamii. Kwa hiyo asubuhi yake ni kesi za matunzo ya watoto, ndoa zilizovunjika na wagonjwa waliotelekezwa wodini. Katikati ya hayo, kwenye chumba anachogawana na kabati la mafaili ya zamani, anasikiliza watu. Nilimkuta anamsindikiza bibi mmoja mlangoni, na mwingine tayari anaingia na "Mwangaluka" yake. Ilibidi nisubiri nje saa nzima.

"Hakuna anayekuja hapa akaniambia ana sonona," alisema nilipoketi. "Wanasema moyo umekuwa mzito. Usingizi umenihama. Wengine wanasema nimelogwa, na wameshapita kwa mfumu kabla ya kufika kwangu. Chuoni nilifundishwa dalili kwa Kiingereza, mdogo wangu. Huku naletewa usingizi uliohama. Sasa niamue: hii ni sonona, ni njaa, au ni mume anayepiga usiku?"

"Na ukikwama?"

"Ndiyo hapo." Alicheka kidogo. "Kinyozi hajinyoi."

Akanieleza. Mwanasaikolojia anapaswa kuwa na mwenzake aliyemzidi uzoefu, wa kumpelekea yale yaliyomshinda na yale yaliyomuumiza, ili asije akayarudisha kwa mgonjwa anayefuata. Huku kwake mtu wa namna hiyo hayuko mlango wa jirani. Akipata nafasi anapanda basi kwenda Mwanza, anapita Lamadi, anapita Magu, kwa nauli yake. Mafunzo mengi anayoyasikia yako Dodoma au Dar es Salaam, na kwenda huko ni kukata siku za likizo, kulipa ada, nauli na pa kulala. Kwa hiyo yeye na wenzake wawili waliosoma pamoja, mmoja yuko Tabora na mwingine Mbeya, hupigiana simu kila Alhamisi usiku. Hawataji majina ya wagonjwa. Kila mmoja anajibu maswali mawili: wiki hii umeumia wapi, na umekosea wapi? Hiyo ndiyo elimu yake endelevu, inayoendelea mpaka bando likate.

Nikamuuliza kuhusu madai yao ya kutambuliwa na sheria, maana nilijua chama chao, TAPA, kipo. Alikuwa na majirani zetu mdomoni. Kenya walipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, ikaunda bodi, na mtu hafanyi kazi hiyo bila kusajiliwa. "Daktari ana baraza. Muuguzi ana baraza. Hata ninyi waandishi mna sheria yenu ya 2016, na bodi ya ithibati ndani yake. Sisi bado tunaidai yetu. Leo mwenye simu na sauti nzuri akisema yeye ni mwanasaikolojia, nani atamwambia hapana?"

Nakiri nilikuwa na wasiwasi, na nikausema. Si ndiyo yale yale ya kila taaluma kujijengea uzio? Ukishaweka leseni, shangazi aliyesuluhisha ukoo mzima miaka arobaini anakuwa nani? Mchungaji je? Mfumu je?

Alinitazama. "Shangazi aendelee, simfukuzi mtu. Mimi nataka mtu nikimuumiza humu ndani, ajue pa kwenda kunishtaki."

Nikaandika. Sentensi tamu hiyo, nikajua ndiyo itakayobeba makala. Kumbe hakuwa amemaliza.

"Na wewe, mdogo wangu? Ukimuumiza mtu, anakushtaki wapi?"

Akasema habari yangu aliisikia redioni. Akaniomba nimsomee. Nikaitafuta kwenye simu nikaanza kusoma, na nilipofika kwenye ile njia aliyotumia yule mkulima, sauti ikapungua yenyewe. Nikauliza, "Kwani unamfahamu?"

"Siwezi kukuambia nani anaingia humu na nani haingii."

Hakuongeza neno. Akainuka, akapanga mafaili ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

Usiku ule nilisoma mambo niliyopaswa kuyasoma kabla sijakaa kwenye benchi lile. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa waandishi: usieleze njia, usibebeshe kifo au jaribio sababu moja, eleza msaada unapopatikana. Mimi nilifanya viwili vya kwanza kinyume, cha tatu sikukigusa. Nikasoma kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu: kujaribu kujiua ni kosa. Maana yake, nilipotaja jina nilikuwa nimemtangaza mtu aliyeumia, na papo hapo nikamtangaza kama mtuhumiwa. Kenya, Mahakama Kuu ilisema mnamo Januari 2025 kwamba kifungu chao cha aina hiyo kinakiuka katiba. Nina shahada ya uandishi wa habari, na miaka zaidi ya kumi kazini. Sikuwa na Alhamisi yoyote ya kuulizwa nimekosea wapi.

Nilikwenda Itilima Jumamosi iliyofuata, kwa bodaboda. Sikujua nitasema nini. Yule mzee alinipokea bila kuniuliza shida yangu, mke wake akaleta michembe na karanga. Nilipojitambulisha, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema wanawe waliacha kwenda shule wiki mbili kwa sababu ya kuchekwa. Na yeye mwenyewe, akasema, alikuwa ameanza kwenda "kwa yule Madam anayesikiliza," amekwenda mara mbili. Baada ya redio hakurudi. Aliona kila mtu kwenye lile benchi la hospitali anajua.

Nikaomba radhi. Maneno yalikuwa mafupi kuliko nilivyoyapanga njiani.

"Uliandika nina madeni," akasema. "Deni la dawa za pamba nimeshalilipa. Andika hilo."

Nilimwambia mhariri. Akaniuliza, kwa upole tu, habari hapo iko wapi. Sikuwa na jibu ambalo chumba cha habari kingelikubali.

Kwa Madam nilirudi, nikamwambia nimekwenda Itilima. Hakuuliza kwa nani, nami nikajua hataniuliza kamwe. Alichoniuliza ni kama nina wenzangu wawili ninaowaamini. Ninao, mmoja Shinyanga, mwingine Musoma. Sasa Jumapili usiku tunapigiana simu, tunasomeana habari zetu kwa sauti, kila mmoja anataja pale sauti ilipopungua.

Yule mzee sijui kama amerudi hospitali. Madam hataniambia, na ndivyo inavyotakiwa. Jina lake safari hii silitaji. Lakini aliniagiza jambo moja, na hapa hakuna mhariri wa kunizuia: deni ameshalilipa.