Mtu Wangu wa 1917

Shati la kwanza nilipewa uwanjani, kusini mwa Uingereza, likinuka kabati la mtu mwingine. Ilikuwa 1998. Katika kikundi kile cha waigizaji wa vita vya zamani Mwafrika nilikuwa mimi peke yangu, na mkuu wetu hakuificha furaha yake. Akanikabidhi tarbushi, kaptula ya kaki na bunduki ya risasi baridi, akaniambia mimi ni askari wa King's African Rifles wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nikaitikia. Kwetu Taita wazee hawakuhangaika na jina lote hilo. Walisema Keya, basi.

Sheria ya kikundi ilikuwa kila mmoja awe na mtu wake: jina, umri, kwao ni wapi, aliingia jeshini lini na kwa nini, mfukoni ana nini. Mtazamaji akikuuliza, anayejibu ni yeye, si wewe. Wenzangu walikuwa wameiva kwenye mambo hayo. Mmoja alitembea na barua ya mama wa mtu wake, kaiandika mwenyewe kwa wino kisha akaipaka chai ya rangi ipate ukongwe. Mimi wangu nilimtunga usiku mmoja. Nikamwita Juma, nikampa mapigano ya Tanga, Salaita na Mahiwa, na kovu begani juu yake.

Juma aliishi miezi minne. Siku moja mzee mmoja mwenye mkongojo alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanieleza kwa upole kwamba Keya hawakuwa kwenye lile jeshi lililoshushwa Tanga Novemba 1914. Waliotoka melini wengi walikuwa askari wa kutoka India. Halafu akainamisha macho. "Na viatu hivyo?" Nilikuwa nimevaa buti, tena nimezing'arisha. Askari wengi wa Keya wa vita vile walikwenda pekupeku.

Nilirudi nyumbani nimenywea, nikaanza kusoma. Nikagundua kwamba Juma hakuwezekana. Vita vilipoanza Keya walikuwa batalioni 3 tu, vikaisha wakiwa na 22. Kwa hiyo askari wa kawaida, yule ambaye ungekutana naye njiani, aliandikishwa katikati ya vita, na Salaita ya Februari 1916 huenda aliisikia kwa wenzake tu. Nikampunguzia mapigano. Nikamvua buti, na Oktoba ile nikasimama gwaride kwenye majani ya Uingereza yenye umande, vidole vikifa ganzi kimoja baada ya kingine. Ulimi ndio ulionishinda. Kiswahili cha kambini, kile kilichokuja kuitwa Kikeya, hakikubembeleza ngeli, nami mwalimu wangu wa darasa la tano alinichapa sana kwa ajili ya ngeli. Mpaka leo siwezi kusema "kitu yangu" bila kutazama nyuma.

Lililobaki lilikuwa jina. Juma lilikuwa jina la kuokota tu, nami nilitaka la mtu wa kwetu aliyezaliwa miaka ya 1890. Nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Leo umekumbuka kwenu?"

Nikamweleza. Alinyamaza, nikadhani laini imekatika, kumbe anacheka. "Askari? Nani askari? Babu yako alikuwa kariakoo."

Neno hilo nililijua kama soko la Dar es Salaam. Nairobi tunalo letu, Kariokor. Yote mawili ni masalia ya Carrier Corps, jeshi la wapagazi, lakini sikuwahi kusikia mtu akiitwa hivyo. Shangazi alikuwa na machache ya kuniambia. Babu alichukuliwa, akaenda "upande wa Mjerumani", akarudi amekonda hata mama yake akampita njiani. Mzigo gani, na nani, mpaka wapi, hakusimulia. Ugali mbichi hakuwahi kuuonja tena, akiletewa aliurudisha jikoni.

Ujana wangu wote nilipita chini ya ile sanamu ya Kenyatta Avenue, Nairobi, yenye watu watatu. Nikiulizwa ningeapa kwamba nimewaona vizuri. Nilikuwa nimewaona wenye bunduki. Wa tatu ni mpagazi.

Kumtunga mpagazi kulikuwa kazi ya kupunguza. Nilirudisha bunduki. Vikabaki blanketi moja, kibati chenye namba shingoni, na kasha nililolijaza mchanga mpaka mizani ikasoma kilo 25. Kata niliisokota kwa kitambaa. Ya kwanza ilikuwa laini mno, kasha likayumba, likaniteremkia begani mbele za watu. Ya pili niliikaza kama kamba. Nilizunguka uwanja mara tatu, shingo ikazama mabegani, nikakaa chini. Wao walitembea hivyo siku nzima, na kesho yake tena.

Halafu niliongeza sufuria. Unga wa mahindi niliununua ule wa chenga, nikautia kwenye maji ambayo hayajachemka, kama anavyopika mtu aliyechoka, kuni zimelowa, na filimbi inakaribia kulia. Nikausonga kidogo, nikaepua. Watazamaji nikawaonyesha mwiko: nje umeshikana, ndani ni vumbi. Wengi wa wapagazi walitoka kwenye ndizi, mtama na wimbi, wakapewa unga huu. Kuhara damu kuliwamaliza kuliko risasi. Upande wa Mwingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 100,000, na wengi mshahara wao haukuwafikia jamaa zao kamwe.

Miaka ya mwanzo watu walinipita wakikimbilia bunduki. Mwenzangu mmoja aliniuliza mtu wangu hufanya nini mapigano yakianza. "Hutua mzigo, hujificha," nikamwambia, "na siku nyingine hutoroka." Hakuipenda sana hiyo. Lakini 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika, wapagazi wengi miongoni mwao, hawakuandikwa majina popote, ikaomba radhi. Tangu hapo wapo wanaokuja moja kwa moja kwenye sufuria yangu. Huuliza jina la mtu wangu. Nawaonyesha kibati.

Namba ya babu sikuipata. Iliyomo kwenye kibati nimeitunga, na huwa nawaambia hivyo.

Mwaka juzi nilimpigia shangazi, sasa hasikii vizuri, nikampazia sauti kumweleza habari za kasha, unga na kutembea pekupeku.

"Na hao Wazungu wanakulipa ngapi?"

"Hawalipi, shangazi. Nauli najitolea mwenyewe."

"Eeh," akasema. "Basi huyo ni babu yako kabisa."