WARIDI LA MILIA HALITAKI HARAKA

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za nani kamwacha nani, tuzungumze maua. Usicheke. Ndani yake kuna mapenzi, kuna nyumba ndogo ya mfalme, kuna shangazi yangu, na kuna jambo linalotugusa vijana wote tunaoambiwa kila kukicha kwamba umri unakwenda.

Nazungumzia waridi la milia. Si lile jekundu la Valentine unalouziwa bei ya kuku. Ni lile ambalo kwenye petali moja nyekundu na nyeupe zimepita pamoja, kama fundi kafuta brashi ya rangi. Nililikuta kwenye kitalu kimoja huku Njiro, Arusha, nikadhani limepakwa rangi. Nikalowesha kidole kwa mate, nikasugua. Haitoki! Kumbe mzee mwenye kitalu ananitazama tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unasugua nini?"

"Hili ua linaitwaje?"

"Jina la kwao silijui. Sisi hapa tunaliita pundamilia. Hebu yaangalie vizuri, hutaona mawili yanayofanana."

Nikaangalia. Kweli bwana. Moja lilikuwa jeupe lenye michirizi miwili mitatu, jirani yake karibu lote jekundu, na yote yametoka shina moja. Toka siku hiyo sikulala vizuri. Nikaanza kusoma kila nilichokipata kuhusu mawaridi, na niliyoyakuta ndiyo nakumegea leo.

Kwanza, milia inatoka wapi? Jibu lake lilipatikana kwenye mahindi. Miaka ya 1940 mwanamama wa Kimarekani, Barbara McClintock, alikuwa anahangaika na yale mahindi ya punje za rangirangi ambayo na sisi tunayajua. Akagundua kwamba kwenye jeni, zile chembe zinazobeba urithi, kuna vipande vinavyohama mahali. Kipande kikijichomeka katikati ya jeni ya rangi, rangi inazimika. Kikichomoka, rangi inarudi kwenye seli hiyo na kwa watoto wake wote. Kwenye punje ya hindi unapata doa. Kwenye petali inayorefuka, doa linavutika na kuwa mchirizi. Maua mengi yenye milia yanafanya hivyo, na ndiyo maana hakuna mawili yanayofanana. Wengi hawakumwelewa mama huyu kwa miaka na miaka. Tuzo ya Nobel alikuja kupewa mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Shika hiyo miaka 81, tutairudia.

Sasa njoo kwenye nyumba ndogo. Waridi la milia maarufu kuliko yote ya zamani linaitwa Rosa Mundi. Watu wa Uingereza wanasimulia kwamba limepewa jina la Rosamund Clifford, kimada wa Mfalme Henry wa Pili, aliyefariki mnamo mwaka 1176. Hadithi tamu, ila waridi lenyewe linaanza kuonekana kwenye maandishi miaka ya 1500, kama miaka 400 baada ya bibie kuzikwa. Mapenzi hayo tuyaache yalivyo.

Ukweli wa Rosa Mundi ni kwamba lilipatikana kwa bahati. Kuna waridi la kale la rangi moja, siku moja likatoa tawi ambalo maua yake yana milia. Mtu mwenye macho akaliona, akakata kipando, akakipanda. Basi. Halafu bahati yenyewe ina masharti: Rosa Mundi linachanua msimu mmoja tu kwa mwaka, na mara nyingine linatoa tawi linalorudi kwenye rangi moja ya mababu, ukabaki unashangaa.

Anayetaka waridi jipya la milia, linalochanua mwaka mzima, halingojei hivyo. Analizalisha. Na hapa ndipo nilipokutana na mzee ambaye leo namhesabu kama babu yangu, ingawa hatukuwahi kuonana: Ralph Moore.

Huyu alizaliwa mwaka 1907. Mwaka 1937 akafungua kitalu chake mjini Visalia, California, akakiita Sequoia Nursery. Sifa yake kubwa ilikuwa mawaridi madogo, yale yanayokaa kwenye chungu bila kuleta vurugu. Moore akaamua kuyapeleka milia kwenye mawaridi hayo. Akachukua waridi la milia la Ufaransa liitwalo 'Ferdinand Pichard', lililotoka mwaka 1921, akaliozesha na 'Little Darling'. Mtoto wao akamwozesha na waridi dogo, 'Little Chief'. Mjukuu aliyezaliwa akaitwa 'Stars 'n' Stripes', kiwaridi cha milia nyekundu na nyeupe. Hiyo ni katikati ya miaka ya 1970. Piga hesabu: mzee alikuwa anagonga miaka 70.

Kutoka hapo ukoo ukapanuka. Sam McGredy, mtu wa Ireland ya Kaskazini aliyehamia New Zealand mwaka 1972, akalitumia 'Stars 'n' Stripes' kupata 'Roller Coaster', lililotoka mwaka 1987. Kule California kijana wa mawaridi aitwaye Tom Carruth akaliozesha 'Roller Coaster' na 'Altissimo', waridi jekundu linalotambaa ukutani, akapata 'Fourth of July'. Mwaka 1999 hilo likashinda tuzo ya All-America Rose Selections, miaka miwili tu baada ya waridi lingine la Carruth, 'Scentimental', kuwa la kwanza la milia kuipata tuzo hiyo. Kutoka 'Ferdinand Pichard' mpaka 'Fourth of July' ni miaka 78. Milia ile ile imepita mikononi mwa watu wanne, mabara matatu, kila mmoja anaongeza lake na kumwachia mwenzie.

Nikasema, na mimi nijaribu.

Kama ulisoma Sayansi ya shule ya msingi, kazi yenyewe unaijua. Nyumbani tuna waridi jekundu la shangazi, liko pale uani karibu na bomba. Nikachagua ua ambalo halijafunguka, maana likishafunguka linaweza kujichavusha lenyewe. Nikang'oa petali zote, kisha kwa kibanio cha nyusi nikatoa stameni moja moja, yaani ule upande wa kiume. Nikalifunika kwa kikaratasi. Yule mzee wa kitalu alishanipa ua moja la pundamilia lake bure, chavua yake nikaikusanya kwenye kisanduku cha kiberiti. Kesho yake asubuhi nikafunua, nikapaka chavua kwa kidole, nikafunika tena na kufunga uzi wenye tarehe. Nilifanya kwa maua matano. Matatu yalinyauka na kuanguka. Mawili yakavimba yakawa matunda, madogo kama nyanya chungu zile changa.

Miezi minne baadaye matunda yakawa mekundu. Ndani nikapata mbegu 11. Mbegu za waridi nazo zina maringo, nyingi hazioti mpaka zionje baridi, kwa sababu asili yake ni nchi zenye majira ya baridi. Inabidi uzifunge kwenye karatasi yenye unyevu na kuziweka kwenye friji, nyuzi 4 hivi, kwa muda wa kama miezi miwili. Friji ni la shangazi.

"Wenzako kwenye friji wanaweka nyama, wewe unaweka mbegu," akaniambia.

"Shangazi, hizo ni wajukuu zako."

"Wajukuu gani? Nilikuambia nataka wajukuu wa kulialia, siyo wa kumwagilia. Hivi unajua una miaka 26?"

Nilijua. Hapa nyumbani hakuna siku inayopita bila kukumbushwa. Nikihesabu tangu kupaka chavua mpaka mche wa kwanza kuchanua, ilikuwa miezi tisa kamili. Shangazi naye alihesabu, akasema kwa muda huo huo wenzangu wanakuwa wameshatoka leba.

Mbegu tatu ndizo zilizoota. Nilizipanda kwenye makopo ya maziwa, nikayapanga dirishani. Mche wa waridi unaochanua mwaka mzima haukuchoshi sana, ndani ya miezi miwili hivi tangu kuota unaweza kukuonyesha ua lake la kwanza, dogo kama kifungo cha koti. La kwanza lilikuwa jekundu lililofifia. La pili jeupe chafu, tena majani yake yalikuwa yameshaliwa na ukungu. La tatu, mpenzi msomaji, lilikuwa la pinki. Pinki safi, limekaa vizuri, linanukia hadi mlangoni. Milia, hakuna hata mmoja.

Nikambebea mzee makopo yangu matatu.

"Mzee, hili la pinki si zuri?"

"Zuri sana. Lakini ulikuwa unatafuta nini?"

"Milia."

"Basi hilo mpe mtu anayependa pinki. Ukilikumbatia, kesho utaanza kuniambia pinki ndiyo uliyoitaka tangu mwanzo."

Maneno yale yaliniingia. Wanaofanya kazi hii kwa kipato wanapanda mbegu makumi elfu kila mwaka, halafu kazi yao kubwa ni kutupa. Wanatupa yenye magonjwa, wanatupa yaliyolegea shingo, na wanatupa mazuri mengi tu ambayo hayana jipya. Yanayobaki yanabebeshwa kwenye mashina mengine ili yapatikane mengi yanayofanana, yanaangaliwa kwenye jua na kwenye mvua miaka kadhaa. Kutoka siku ya kupaka chavua mpaka waridi kuingia sokoni, miaka minane hadi kumi ni kitu cha kawaida. Mbegu zangu 11 ni sawa na tiketi moja ya bahati nasibu.

Na hata ukipata, bado. Tanzania ilijiunga na UPOV, ule umoja wa kimataifa unaolinda aina mpya za mimea, mwaka 2015. Kwa hiyo kwa taratibu hizo mzalishaji anaweza kuwa na haki juu ya aina yake. Lakini mmea lazima uwe mpya, uwe tofauti na mingine, mche hadi mche ufanane, na usibadilike. Sharti la mwisho ndilo kisiki cha waridi la milia: ni lazima lithibitishe kwamba halitarudi kuwa jekundu tupu ukishageuka mgongo. Mawaridi mengi yanayolimwa kwenye mashamba makubwa huku kwetu Arusha na kule Naivasha, Kenya, yamezalishwa na makampuni ya Ulaya. Sisi tunayalima, tunayakata, tunayafunga. Siku moja ningependa mojawapo liwe na jina la huku.

Sasa nije kwenye ile miaka 81. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, na kijiweni wanaitafsiri hivi: kama hujatoka ukiwa na miaka 25, basi ndugu yangu imekula kwako. Ukikosa kazi baada ya fomu foo, wewe ni wa kuuza vocha. Ukifika 26 hujaolewa, wewe ni wa kuombewa. Kila mtu anataka dili la wiki hii. Na mwenye kulikosa dili la wiki hii anakumbatia chochote kilicho karibu, mume wa pinki, kazi ya pinki, halafu anajisemea moyoni kwamba ndicho alichokuwa anakitaka.

Mimi kwa heshima zote nawapinga wahenga kidogo. McClintock alivishwa nishani yake akiwa na miaka 81. Moore alipata kiwaridi chake akikaribia 70, akavuka 90 bado yumo kazini, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 102. Nyota nyingine zinaonekana saa kumi jioni, na zinang'aa vile vile. Kinachotakiwa ni kujua unatafuta milia, na kuwa na moyo wa kuachia pinki iende zake.

Lile la pinki nilimpa shangazi. Amelipanda mlangoni, kila mgeni akiingia anaambiwa, "Hili kalizaa binti yangu." Kuhusu wajukuu wa kulialia sijasikia neno mwezi wa pili huu. Na kwenye friji lake, nyuma ya sufuria ya maharage, sasa kuna mbegu 64. Safari hii mwenyewe ndiye anayekagua kama karatasi bado ina unyevu.

Na wewe msomaji, kama uani kwenu kuna mawaridi mawili yanayotazamana bila kusemezana, chukua kisanduku cha kiberiti uyakutanishe. Usitegemee kutajirika. Utajifunza tu kusubiri, na siku hizi hilo nalo ni utajiri.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Ciao!