Gurudumu Moja na Mikuki ya Mbegha

Safari haipimwi kwa maili peke yake. Mwaka 2015 kijana wa Kiingereza, Ed Pratt, aliondoka kwao juu ya baiskeli ya gurudumu moja, akarejea mwaka 2018 baada ya kuizunguka dunia mwendo wa maili 21,000 hivi. Chombo kile hakina gurudumu la pili la kuegemea. Anayekipanda hana budi kutafuta mizani yake ndani ya nafsi yake.

Usambara ina msafiri wa namna hiyo aliyetangulia zamani sana. Masimulizi yake yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1895. Mbegha alizaliwa Nguu. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, akaitwa kigego, mtoto wa nuksi. Wazazi wake walipokufa, jamaa walimnyima urithi. Alibaki na uwindaji tu. Hilo ndilo lililokuwa gurudumu lake moja.

Alikwenda Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa nchi. Walitoka kuwinda pamoja. Nguruwe akamwua yule kijana, na Mbegha akakimbia. Ustadi uliompatia rafiki ndio uliompotezea rafiki. Mtu dhaifu angalivunja mikuki yake pale pale. Mbegha aliichukua, akavuka nyika, akapanda milima.

Huko hakuomba cheo. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Walipogombana, aliwapatanisha. Sifa zake zilipofika Vuga, wazee walimfuata Bumbuli, wakamtaka awatawale. Njiani aliua simba usiku, akaingia Vuga kwa jina la Simba, na watoto wake wakaitawala nchi baada yake.

Mikuki ilikuwa ile ile na mkono ule ule. Kilindi aliwinda kwa furaha yake na ya rafiki yake; Usambara aliwinda kwa haja ya wenyeji. Badiliko hilo ndilo ukuaji, wala halikuletwa na urefu wa njia. Jamaa zake waliweza kumnyima mali, lakini ustadi haukuwa mikononi mwao. Aliyekataliwa kwao hukua siku anapoacha kukililia alichonyimwa, akaanza kutoa alicho nacho.