Ng'ombe Mmoja, Majina Mawili

Kwetu katika uwanda wa Ruzizi, habari nzito haiulizwi mlangoni. Mgeni anapewa kiti, anaulizwa ametoka wapi na wa nyumbani wameamkaje, ndipo neno linaanza. Wazee waliita hiyo heshima. Leo kuna wataalamu wa maendeleo wanaofanya utafiti shirikishi, yaani kutafuta jibu pamoja na wenyeji. Jina ni jipya, lakini jambo wazee wetu wangelitambua.

Luberizi iko kwenye barabara ya taifa namba 5, ukishuka kutoka Bukavu kwenda Uvira. Hapa utakuta Bafuliiru, Barundi, Banyamulenge na wengine. Sokoni tunaelewana kwa Kiswahili, halafu kila mtu anarudi kwake na lugha yake. Wageni wenye karatasi za maswali wamepita wengi, wa ONG na wa vyuo, na baadhi yao niliwatafsiria.

Nitoe mfano mmoja tu, wa itulo. Wakati wa kiangazi wafugaji wanateremsha ng'ombe kutoka milima ya juu kufuata majani. Kwa mila, mfugaji anampa mkubwa wa eneo kitu, mara nyingi ng'ombe. Basi karatasi inauliza: je, wafugaji wanalipia malisho, ndiyo ao hapana? Mzee mkulima anajibu: "Ndiyo, mutoto wangu, ni haki ya mwenye udongo." Mzee mfugaji anajibu: "Hapana. Sisi tunatoa zawadi kwa yule aliyetupokea." Ng'ombe ni yule yule! Kwenye karatasi mmoja wao ataonekana mwongo, kumbe kila mmoja amesema kweli yake. Na ugomvi wote umelala hapo hapo: anayelipa ni mpangaji, anayetoa zawadi ni jirani.

Tena kuna wa tatu, ambaye karatasi haikumtafuta. Ni mama mwenye shamba kando ya njia ya ng'ombe. Yeye anasema: "Ng'ombe wamekula muhindi wangu, mkubwa amekula ng'ombe. Na mimi nimekula nini?" Swali hilo halina nafasi ya ndiyo ao hapana.

Ndugu msomaji, haya si mambo madogo. Mwezi wa nne 2012 mwami wa sheferi ya Uwanda wa Ruzizi aliuawa, na uhasama juu ya kiti cha utawala ukazidi kuwaka. Mwezi wa sita 2014, pale Mutarule, karibu kabisa na Luberizi, watu zaidi ya 30 waliuawa kwa usiku mmoja. Kwenye nchi ya namna hii, kuandika nani "mwenyeji" na nani "mgeni" kunaweza kuweka kuni juu ya moto.

Njia nyingine ipo, na Waswahili tumeijua zamani. Katika miaka ya 1970, Tanzania ilikuwa mahali pamoja ambapo utafiti shirikishi ulizaliwa. Marja-Liisa Swantz na wenzake, Wafini na Watanzania, walifanya mradi wa Jipemoyo upande wa Bagamoyo, wakikaa na wanakijiji, na wafugaji pia, ili utamaduni wao usihesabiwe kuwa kizuizi cha maendeleo. Huku kwetu, Life & Peace Institute, shirika la Sweden, pamoja na mashirika ya Kivu ya Kusini, walifanya kazi ya namna hiyo Uvira na Fizi, na mwaka 2011 wakatoa kitabu juu ya migogoro ya huko. Ufundi wake ni huu: kila jamii inasikilizwa peke yake kwanza, maneno yake yanarudishwa kwake iyakubali ao iyasahihishe, ndipo wote wanakaa pamoja.

Hiyo ni barza, sivyo? Karibu. Barza ya wazee ilikuwa na uvumilivu, lakini mara nyingi yule mama wa shamba alibaki nje akipika, na kijana aliambiwa anyamaze. Kwa hiyo tusiwaambie wataalamu waige mila yote. Wachukue kiti na subira, sisi tukubali mlango upanuliwe.

Mashirika yanakuja na kwenda. Mwaka 2025 vita vilifika Bukavu, na mwisho wa mwaka vikashuka mpaka uwandani. Mradi wa miezi sita hauwezi kuzuia jeshi. Lakini watu waliokwisha kusikia kwamba ng'ombe mmoja ana majina mawili hawadanganywi haraka na anayekuja kuwaambia kwamba jirani yao ni mwongo.

Methali inasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mtafiti ningeongeza: na ukiondoka, rudi utusomee ulichoandika.